Mwongozo kamili: biskuti 80 laini za Kiamishi zenye aisingi ya karameli

Biskuti hizi hazivunjiki kwa mlio. Ni nene, laini kama keki ndogo, na juu yake hupakwa aisingi ya sukari ya kahawia iliyochemshwa, inayokauka kwa nje na kubaki laini ndani. Ni mapishi ya zamani ya Waamishi wa Marekani, jamii ya Wakristo wanaoshika maisha ya kale, hasa wa Lancaster huko Pennsylvania na wa Holmes huko Ohio, na hupikwa kwa wingi kwa sababu maalumu. Ibada yao hufanyika kila baada ya wiki mbili, nyumbani kwa waumini kwa zamu, na baada ya ibada watu wote hula pamoja. Kundi moja la ibada huwa na familia 20 hadi 40, nyingi zikiwa na watoto wengi. Mwenye zamu hawezi kuoka biskuti kumi na mbili.

Wasomaji wa mkoa wa Mara wako karibu na jadi hii kuliko wanavyodhani. Kanisa la Mennonite Tanzania lilitokana na wamisionari wa Lancaster hiyohiyo, waliofika Shirati mwaka 1934, na Wamenoniti na Waamishi ni matawi ya shina moja lililogawanyika mwaka 1693.

Kabla ya kugusa bakuli, shika jambo moja: biskuti hizi huharibiwa na unga wa ziada na dakika za ziada. Mchanganyiko wake hunata, na mpishi aliyezoea chapati au maandazi atatamani kuuongezea unga mpaka uache mkono. Akifanya hivyo atapata biskuti kavu. Kisha atazisubiri zipate rangi juu, nazo zitakauka mara ya pili. Karibu kila hatua hapa chini imepangwa ili kuzuia mambo hayo mawili.

MAHITAJI

Kwa biskuti (mchanganyiko wa kilo 3.2 hivi):
- unga wa ngano, gramu 1,250
- magadi soda, vijiko 2 na nusu vya chai (gramu 12)
- bekingi pauda, vijiko 4 vya chai (gramu 16)
- chumvi laini, vijiko 2 vya chai (gramu 12)
- kungumanga iliyokunwa, nusu kijiko cha chai, ukipenda
- siagi isiyo na chumvi, gramu 450
- sukari ya kahawia, gramu 800
- mayai makubwa 4
- mtindi usio na sukari, mililita 480
- vanila, vijiko 4 vya chai

Kwa aisingi:
- siagi, gramu 225
- sukari ya kahawia, gramu 400
- maziwa, mililita 120
- sukari ya unga, gramu 450, na nyingine gramu 50 za akiba
- chumvi, nusu kijiko cha chai
- vanila, vijiko 2 vya chai

Pima kwa mizani. Kikombe kilichochotwa unga kwa kushindiliwa na kilichojazwa kwa kijiko taratibu vinaweza kupishana gramu 30 au zaidi. Kwa vikombe kumi, hiyo ni robo kilo na zaidi ya kosa, na hakuna mtindi utakaolificha.

Unga. Chagua unga mweupe uliokusudiwa keki au matumizi ya kawaida. Unga wa chapati una protini nyingi, huvuta, na biskuti hutafunika kama mkate. Kama ndio pekee ulionao, toa gramu 125 na uweke wanga wa mahindi wa uzito huohuo. Usitumie kabisa unga unaojiumua wenyewe, kwa kuwa tayari una dawa ya kuumulia na chumvi, na hesabu yote itavurugika.

Magadi soda. Tunasema ile ya unga mweupe laini inayouzwa kwa ajili ya kuokea. Magadi ya mawe yanayolainishia maharage na mboga ni makali zaidi na yataleta ladha ya sabuni. Ijaribu soda yako kwa kudondoshea siki, na bekingi pauda kwa maji ya moto. Zote mbili zinatakiwa zifoke papo hapo. Zikisitasita, nunua mpya, maana ukubwa wa kazi hii haustahili kuharibiwa na kopo la mwaka juzi.

Sukari ya kahawia. Ile ya Marekani ni sukari nyeupe iliyochanganywa na molasi, na ni yenye unyevu: ukiifinya mkononi inashikana. Sukari ya kawaida ya rangi ya kahawia katika maduka yetu ina chembe kubwa kavu na molasi kidogo sana. Unyevu ule ndio unaofanya biskuti ibaki laini siku ya tatu, kwa hiyo usiupuuze. Tengeneza yako: kwa kila gramu 200 za sukari nyeupe yenye chembe ndogo, weka kijiko kikubwa kimoja cha molasi na usugue kwa vidole mpaka rangi ilingane. Bila molasi, tumia sukari guru: gramu 300 za guru iliyopondwa na kuchekechwa pamoja na gramu 500 za sukari nyeupe. Ladha itaelekea moshi kidogo, na hilo si baya hata kidogo kwa karameli.

Mafuta. Mapishi mengi ya zamani ya Waamishi yalitumia mafuta ya nguruwe. Siagi inatosha kabisa. Mafuta ya mgando ya mboga hayana maji, hivyo biskuti hupanda juu na kutanda kidogo, lakini ladha hupungua. Ukitaka kubana matumizi, nusu siagi na nusu mafuta hayo ni mseto mzuri. Jihadhari na majarini laini ya kupaka mkate. Nyingi zina maji mengi, na biskuti hutoka bapa na zenye mafuta chini.

Mtindi. Maziwa ya mgando, mala, au mtindi wa dukani, alimradi hauna sukari wala vionjo. Utikise uwe sawasawa. Ukiwa na yogati nzito, chukua mililita 360 na uongeze mililita 120 za maziwa. Bila vyote, changanya mililita 450 za maziwa na mililita 30 za siki au maji ya limau, usubiri dakika kumi. Uchachu huo si wa ladha tu: asidi yake ndiyo inayoamsha soda, na pia hulegeza mvuto wa unga.

Iliki watu watataka kuiweka. Inanukia vizuri, lakini inaifunika karameli. Kungumanga ndiyo inayokaa vizuri hapa.

KUCHANGANYA

Majiko mengi ya Waamishi hayajaunganishwa na umeme wa gridi. Wanaoka kwa gesi au kuni, na mchanganyiko wa kiasi hiki hukorogwa kwa mwiko ndani ya beseni. Nawe unaweza. Ukitumia mashine ya nyumbani, gawa vipimo vyote mara mbili. Kilo tatu na ushei za mchanganyiko mzito huzidi uwezo wa mashine nyingi za mezani, na mota hupata joto.

Anza na siagi. Vitabu husema iwe na joto la chumbani, lakini chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kina nyuzi 30, na siagi ya joto hilo haiwezi kushika hewa. Inatakiwa nyuzi 18 hadi 20. Ukiibonyeza kwa kidole inaacha shimo safi bila kung'aa mafuta. Itoe kwenye friji, ikate vipande, isubiri dakika 15 tu. Mayai na mtindi, kinyume chake, visiwe baridi sana, la sivyo siagi itaganda tena na mchanganyiko utakatika.

Chekecha pamoja unga, soda, bekingi pauda, chumvi na kungumanga, kisha ukoroge kwa kipigio cha mayai kwa dakika nzima. Usiruke hatua hii. Donge la soda ambalo halikusambaa huacha doa la kahawia lenye ladha chungu katikati ya biskuti, na anayeliuma ndiye atakayelikumbuka.

Piga siagi na sukari mpaka zibadilike rangi kuwa nyepesi na zijae hewa. Kwa mashine ni dakika 3 mwendo wa kati, kwa mwiko ni dakika 8 hadi 10 za kazi ya kweli. Usipitilize. Hewa nyingi mno hufanya biskuti ipande halafu ishuke katikati. Ongeza mayai moja baada ya jingine, kila moja lipotee kabla ya linalofuata, halafu vanila. Mchanganyiko ukianza kuonekana kama umekatika, mwagia kijiko kikubwa cha unga kutoka kwenye ule uliochekechwa.

Sasa ingiza unga na mtindi kwa zamu: theluthi ya unga, nusu ya mtindi, theluthi ya unga, mtindi uliobaki, na umalizie kwa unga. Sababu ni kwamba siagi na mayai haviwezi kubeba nusu lita ya mtindi kwa mara moja. Ukiumwaga wote, mafuta yatajitenga na biskuti zitatoka na mashimo. Koroga polepole, na uache mara tu weupe wa unga unapopotea. Kila mzunguko wa ziada unaujenga mvuto ambao hatuutaki.

Utakachokiona ni mchanganyiko mzito unaonata, unaoshikilia umbo ukiuchota kwa kijiko lakini hausukumiki kwa mpini. Hapo umefika. Funika beseni, weka kwenye friji saa 1 hadi 2. Unga utanyonya maji, siagi itaganda, na ule uliodhani umelegea utakuwa mgumu wa kutosha. Unaweza kuulaza usiku mmoja, ila usivuke saa 24, kwani soda huanza kazi pale inapokutana na mtindi, na nguvu zake huisha polepole hata kwenye baridi.

KUOKA

Washa oveni nyuzi 190 za Selsiasi angalau dakika 20 kabla. Trei ya sentimita 30 kwa 40, iliyotandikwa karatasi ya kuokea, inachukua biskuti 12: nne kwa tatu, zikipishana sentimita 5. Utahitaji trei saba, au trei tatu za kuzungusha.

Kabla ya kujaza trei ya kwanza, oka biskuti mbili pekee. Zitakuambia habari zote za oveni yako na mchanganyiko wako. Zikitanda kuwa bapa, rudisha beseni kwenye friji nusu saa. Zikibaki mlima mkavu, unga umezidi: koroga ndani vijiko viwili vikubwa vya mtindi. Chini zikiungua ilhali juu hazijaiva, pandisha rafu ya trei au weka trei mbili, moja juu ya nyingine.

Chota gramu 40 kwa kila biskuti. Ni vijiko viwili vikubwa vilivyojaa kidogo, au kijiko kidogo cha aiskrimu. Pima tano za mwanzo kwa mizani mpaka mkono uzoee. Ukubwa ukipishana, ndogo zitakauka wakati kubwa bado mbichi. Lowesha vidole kwa maji na ubonyeze kila moja iwe na unene wa sentimita moja na nusu, juu pakiwa tambarare, ili aisingi ipate mahali pa kukaa.

Oka dakika 9 hadi 11, trei moja kwa wakati, katikati ya oveni, na uigeuze mbele-nyuma dakika ya sita. Hapa ndipo penye mtihani. Usitazame rangi ya juu, kwa sababu biskuti iliyoiva sawasawa bado imepauka. Tazama ukingo: umeshikamana na una rangi ya dhahabu hafifu chini. Gusa katikati kwa ncha ya kidole: inarudi juu. Kidole kikiacha shimo, ongeza dakika moja. Ukiona kahawia juu, umechelewa dakika mbili.

Ziache kwenye trei dakika 4. Joto la trei linamalizia kuivisha katikati, nazo hupata nguvu ya kubebwa. Kisha zihamishie kwenye waya wa kupozea. Ukiziacha kwenye trei zaidi ya hapo, mvuke hujikusanya chini na kuzifanya ziwe na unyevu wa kunata. Usiweke mchanganyiko mbichi juu ya trei ya moto, maana siagi itayeyuka kabla ya oveni kufanya kazi yake. Pitisha trei chini ya bomba, uikaushe, uitandike upya. Beseni likae kwenye friji kati ya trei na trei. Kazi yote ya oveni ni kama saa moja na nusu.

Kwa oveni ya mkaa, moto mwingi uwe juu ya mfuniko na makaa machache tu chini, kwa sababu sukari ya kahawia huungua upesi. Pika chache kwa kila awamu, na usiamini saa bali kidole.

Walio nyanda za juu, kama Nairobi yenye mita 1,795 au Mbeya, wapunguze soda iwe vijiko 2 vya chai na bekingi pauda vijiko 3, wapunguze sukari gramu 50, na waongeze unga gramu 50. Huko hewa ni nyepesi, gesi hutanuka haraka, na biskuti huinuka kabla ya kushikamana kisha huporomoka.

AISINGI

Ianze wakati biskuti zimepoa kabisa. Zikiwa na joto hata kidogo, aisingi itateleza na kunywewa, na utabaki na madoa ya mafuta.

Yeyusha siagi katika sufuria yenye kitako kizito, weka sukari ya kahawia na chumvi, koroga moto wa kati mpaka ichemke. Hesabu dakika 2 kamili za kuchemka huku ukikoroga. Mimina maziwa taratibu, jihadhari na mvuke, acha ichemke tena, kisha uepue. Kama kuna chembe za sukari kwenye kuta za sufuria, zifute kwa brashi yenye maji. Chembe chache tu zinaweza kuigeuza sufuria nzima kuwa ya mchangamchanga.

Acha ipoe mpaka uweze kushika kitako cha sufuria kwa kiganja bila kukivuta, yaani nyuzi 45 hadi 50, bila kuikoroga wakati inapoa. Ndipo uweke vanila na sukari ya unga iliyochekechwa, kwa awamu tatu, ukipiga kwa nguvu. Ukiiweka ikiwa ya moto, sukari ya unga itayeyuka, utajikuta unaongeza nyingine na nyingine, na ikipoa itakuwa jiwe. Kama huna sukari ya unga, saga gramu 425 za sukari nyeupe na gramu 25 za wanga wa mahindi kwenye blenda kavu, kisha uichekeche mara mbili.

Aisingi sahihi hudondoka kutoka kwenye kijiko kwa utepe mnene unaozama baada ya sekunde tano hivi. Inaganda upesi, basi kalisha sufuria ndani ya beseni la maji ya moto na upake bila kusimama. Ikikaza, ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja cha chai, koroga, utazame, ndipo uongeze tena. Ikitiririka, weka sukari ya unga kutoka akiba kijiko kikubwa kimoja kimoja. Gramu 15 zinatosha biskuti moja. Weka katikati, sukuma kwa mgongo wa kijiko kuelekea ukingoni, na uache sentimita nusu bila kupaka. Usirudie kusawazisha baada ya dakika moja, kwa kuwa ganda linaanza kufanyika na utalipasua.

KUTUNZA NA KUSAFIRISHA

Ziache wazi saa 2 hadi 3 mpaka aisingi iguswe bila kushika kidole. Pwani, msimu wa mvua, subira hiyo inaweza kufika saa tano, na feni inasaidia. Zipange kwenye chombo chenye mfuniko, karatasi ya kuokea kati ya tabaka na tabaka, tabaka zisizidi tatu. Hukaa vizuri siku 3 hadi 4 mahali pa baridi. Siku ya pili mara nyingi ni tamu kuliko ya kwanza, kwa sababu unyevu wa aisingi na wa biskuti umeshasawazishana.

Kwa harusi, mahafali au hafla ya kanisani, oka mapema, uzigandishe bila aisingi hadi miezi miwili, na upake siku moja kabla. Zilizokwisha kupakwa pia hugandishika: ziweke kwanza wazi kwenye trei ndani ya friza mpaka zikaze, ndipo uzipange kwenye chombo. Wakati wa kuziyeyusha, chombo kibaki kimefungwa mpaka ndani pawe na joto la chumba, kama saa tatu, ili jasho la hewa lishike mfuniko badala ya aisingi.